Mreteni wa Mkurugenzi

Sekretari aliponipigia simu ya ndani ya pale ngazini kuniambia Madamu ananiita, nilijua ni habari ya chumba. Nikaacha tambara na ndoo palepale kwenye ngazi, nikapanda ghorofa tatu na goti langu hili bovu. Watu walikuwa wanaongea kuhusu orodha. Orodha ya kupunguza wafanyakazi, orodha ya kurudisha vyumba, orodha hii na ile. Wakubwa hawaishiwi orodha. Na chumba changu kule nyuma ya jengo, ubavuni mwa jenereta, hakijaandikwa jina langu. Kimeandikwa jina la marehemu mke wangu, aliyefagia jengo hili miaka kumi na tisa. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo naishi mle kama mgeni aliyepitiwa na usingizi ukumbini kwa watu, najikunyata wasinione.

Madamu ndiye mkurugenzi wetu. Hakuniambia nikae. Kando yake, kwenye dirisha la kioo lisilofunguka, kulikuwa na chungu bapa cha udongo, na ndani ya chungu mti. Mti kamili, shina limepinda, gome linabanduka, matawi yana majani membamba yanayochoma kama sindano. Lakini wote, kuanzia chini hadi juu, ni shubiri mbili.

"Unaujua huu?"

"Hapana, Madamu."

"Ni mreteni. Bonsai, mti unaofinywa chunguni usirefuke. Una miaka minne."

Miaka minne na bado shubiri mbili. Nilidhani una maradhi, ila sikusema.

"Nilipewa na Mwenyekiti wa bodi, aliulea mwenyewe, anapenda sana mambo haya. Kesho nasafiri, nina semina ya wiki tatu. Siku nitakayorudi na yeye anakuja kuuangalia. Utautunza wewe." Akavuta droo, akatoa bahasha. "Tawi hili la chini anataka lilale, liende hivi. Waya uko humu. Wewe si ulikuwa fundi wa nondo? Lifunge."

"Ndiyo, Madamu." Mdomo wangu hujibu wakubwa kabla mimi mwenyewe sijafikiri.

"Nikirudi nikaukuta hai, kwenye orodha ya vyumba nitakusemea. Nikiukuta umekufa..." Akatazama saa yake. "Mzee wangu, usinifanye nimalizie."

Nikaubeba kwa mikono miwili, kifuani. Pale nje Redio alikuwa ananisubiri. Ndiye sekretari, tunamwita Redio kwa sababu habari haikai tumboni mwake hadi saa ya chakula.

"Heee, Mzee Nondo! Umepata mtoto uzeeni?"

"Niache, mama. Nitauangusha."

"Usiuangushe, tafadhali. Mwenyekiti amegawa sita, kila mkubwa mmoja. Anasema anataka kuona nani anajua kulea. Wa Meneja wa Stoo ulikauka."

"Akafanywa nini?"

"Wewe umemwona Meneja wa Stoo tangu mwezi uliopita?"

Sikuwa nimemwona. Nikashuka ngazi nikiwa nimeelewa kwa nini nimepewa heshima hii. Madamu alikuwa na zigo linaloanza kunuka, akalitafutia bega. Nondo zilizomo ndani ya nguzo za jengo lile nimezifunga mimi kwa mikono yangu, kabla hawajaweka zulia na viti vya kuzunguka, na leo mikono hiyohiyo inaogopa kijiti kwenye bakuli.

Chumba changu ni hatua tano kwa nne. Kina kitanda, meza, jiko la gesi la sahani moja, simu ya ndani, na dirisha linalotazama ukuta wa jenereta. Ubavuni mwa kitanda rangi ya ukuta imekolea mafuta, pale alipokuwa anaegemeza kichwa mke wangu akishona vifungo. Sijapafuta. Wakinitoa mle nitakwenda wapi? Kijana wangu mkubwa anaishi na mkewe na watoto wanne, pazia katikati. Mkwe wangu ni mtu mwema, aliniambia, "Baba, njoo tu, tutabanana." Nilimwangalia machoni alipokuwa anasema, na yeye akaangalia chini.

Basi nikauweka mti mezani, nikafunga dirisha, nikafunga mlango kwa kufuli. Nje wezi wamewahi kung'oa hadi bomba la maji, sembuse mti wa kubebeka kwapani. Nikawa nautilia maji asubuhi kikombe, jioni kikombe. Kila nikiogopa, nikawa naongeza. Na nilikuwa naogopa mara nyingi kwa siku.

Siku ya pili nikafungua bahasha ya waya. Ulikuwa laini kama utambi wa mshumaa. Unaukunja kwa kidole, na kwa kidole unaukunjua. Nikasema hiki ni kitu cha kuchezea, wakubwa ndivyo walivyo, wanakupa kazi ya kweli na vifaa vya mzaha. Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa waya wangu mwenyewe, ule mweusi wa kufungia nondo, na plaizi yangu iliyochakaa mpini. Kazini nyapara wetu alikuwa anapita juu ya mtandao wa nondo, anasukuma fundo kwa ncha ya kiatu. Likitikisika moja, anakurudisha uanze upya safu nzima, jua likiwa utosini. Miaka ishirini nimefunga hivyo. Mkono haujui kufunga kwa upole.

Nikalishika tawi, nikalishusha. Likagoma. Nikalishusha tena na kitu ndani yake kikalia, kidogo, kama kifundo cha kidole. Nikasimama. Lakini halikukatika, likalala vilevile alivyoonyesha Madamu. Nikaliwekea mafundo manne, nikayasokota hadi waya ukazama kwenye gome. Nikalitikisa, tuli. Siku ile nilijisifu, mimi mjinga.

Siku ya tisa niliamka nikasikia harufu ya tambara lililosahauliwa ndooni. Nikakagua ndoo zangu, kavu. Harufu ilikuwa inatoka kwenye chungu. Vijidudu vidogo vyeusi vilikuwa vinarukaruka juu ya udongo, na kwenye lile tawi la chini ncha za majani zilikuwa zimepauka, manjano kidogo. Kwingine kote mti ulikuwa kijani kama siku niliyopewa.

Hicho kijani ndicho kilichonitisha zaidi. Nilishawahi kudanganywa na rangi. Mke wangu alipolazwa, daktari mkubwa alipita wodini siku ya Alhamisi na kundi lake nyuma, akamvuta kope, akasema, "Rangi yake nzuri, anaendelea vizuri, aende nyumbani." Kitanda kilikuwa kinatakiwa. Wakaniletea karatasi niweke sahihi kwamba nimempokea mgonjwa akiwa na hali nzuri. Mimi niliishia darasa la nne; nilisoma maneno mawili matatu, nikaona aibu kuwachelewesha, nikaweka sahihi. Jumamosi saa nne asubuhi alikufa, pale ukutani. Nilipokwenda kuuliza walinionyesha sahihi yangu.

Sasa nilikuwa nautazama mti. Nilikuwa nimepokea kitu kijani.

Simu ya ndani ikalia. Redio. "Mzee Nondo, Madamu amepiga kutoka huko aliko. Anauliza mtoto hajambo?"

"Mwambie hajambo."

"Mbona sauti yako kama ya mtu aliyekabwa?"

"Mafua."

Nikauweka mti ndani ya ndoo ya kupigia deki, nikaufunika na tambara, nikatoka nao kwa geti la nyuma kama mwizi. Mtaa wa pili, ubavu wa barabara, kuna mwanamke anauza miche kwenye mifuko myeusi, tunamwita Mama Miche. Ni mwanamke mpana, ana gambuti za kiume na mdomo usio na breki.

"Shikamoo ndoo," akasema. "Umeniletea nini, samaki au maiti?"

"Mama, fanya taratibu. Naomba uniangalizie hiki."

Akalifunua tambara. Akanyamaza kidogo, na Mama Miche kunyamaza si habari njema. Akaunusa ule udongo. Akakigeuza chungu, maji yakachuruzika kwenye tundu la chini kama chooni.

"Umeuweka wapi?"

"Ndani. Mezani."

"Ndani! Baba, huu ni mti wa nje. Unataka jua, unataka upepo, unataka baridi ya alfajiri. Umeufungia kama mke wa mwenye wivu. Na maji umeutilia mangapi?"

"Asubuhi na jioni. Na katikati."

"Umeuzamisha. Na hii ni nini?" Akagusa mafundo yangu. "Nani amefunga hivi? Huyu alikuwa anajenga daraja?"

 Akaniangalia mikono, akaelewa, akacheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu aliniona uso.

"Umekufa?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ndiyo kazi yako?"

"Sikiliza, mzee. Mchicha ukifa unakuonyesha kesho yake. Mreteni haukuonyeshi. Mizizi inaweza kuwa imeoza leo, na majani yakakaa kijani wiki tatu, wiki nne, wewe unautilia maji na kuusalimia, kumbe unamsalimia marehemu."

Nikakaa juu ya mfuko wake wa mbolea. Madamu alikuwa anarudi baada ya siku kumi na mbili. Nikapiga hesabu: unaweza kuwa maiti siku hiyo na bado uko kijani, Mwenyekiti akausifu, nami nikasemewa, halafu wiki mbili baadaye unageuka kahawia, na wa kuulizwa ni mimi.

Mama Miche akachukua kisu kidogo, akakwaruza tawi la chini, mkwaruzo mdogo kama wa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na kahawia, kavu.

"Hapa hakuna mtu," akasema. Akakwaruza shina, chini kidogo. Nilifumba macho. "Fumbua. Angalia."

Kulikuwa na kijani hafifu, chenye unyevu, chembamba kama uzi.

"Hapa yuko. Leo yuko. Kesho simwahidi mtu."

Akanieleza ya kufanya, na mimi nikarudia kila neno mbele yake kama nilivyokuwa narudia vipimo vya nondo. Utoke nje, ukae pale jua la asubuhi linapofika na la mchana halifiki. Chungu kiegemezwe upande mmoja juu ya tofali, maji yatoke. Usihamishwe udongo sasa, utakufa kwa mshtuko. Maji marufuku mpaka nichomeke kijiti kirefu hadi chini, nikiache kidogo, na kikitoka kikavu ndipo nitilie. Waya nisiufungue kwa kuuzungusha, nitavunja; niukate vipande vipande nikiwa nimeshika tawi kwa mkono mwingine.

"Na lile tawi?"

"Limekwenda. Wenye kazi hii tawi likifa wakati mwingine hawalikati. Wanalivua gome, linabaki jeupe, mfupa. Mti unaonekana umepigwa na radi ukapona. Wanapenda." Akanikazia macho. "Au nina mwingine kule nyuma, umri huohuo. Uhamishie kwenye chungu hicho, huu utupe. Nani atajua?"

Ningependa kusema nilikataa kwa sababu mimi ni mtu mwadilifu. Sivyo. Nilikwenda kuuangalia, nikaushika, nikaupenda. Lakini shina la mti wa Madamu lina uvimbe upande wa kushoto, kama kisugudi, na huo wa Mama Miche haukuwa nao. Mwenyekiti aliulea mwenyewe miaka minne, angeujua gizani kwa kidole. Ni woga ulionirudisha nyumbani na mti uleule.

Kuanzia siku ile sikufanya kazi nyingine yoyote ya maana. Niliuweka nyuma ya chumba, kwenye kona ya ukuta, juu ya pipa tupu la rangi, na mimi nikakaa juu ya kiti mbele yake, usiku na mchana. Asubuhi nachomeka kijiti, kinatoka kimeloa. Kesho kimeloa. Keshokutwa kimeloa, na mimi koo langu limekauka kwa niaba yake. Siku ya nne alikuja paka kufukua udongo, nikamrushia kiatu, kiatu kikapita kidole kimoja kutoka kwenye chungu. Nilikaa chini nikitweta kama niliyekoswa na gari. Mvua ikinyesha nauvuta chini ya ukingo wa bati. Upepo ukivuma nasimama upande unakotoka, nauzibia kwa mgongo wangu. Bomba la choo cha ghorofa ya pili likavuja siku mbili na Redio akaniita hadi sauti ikamkauka.

"Mzee Nondo, choo kimekuwa bwawa! Wewe na huo mti mmeoana?"

"Nakuja."

"Umesema hivyo jana!"

Kukata waya kulinichukua asubuhi nzima. Niliosha plaizi kwa sabuni. Nilishika tawi kwa mkono wa kushoto, nikapitisha ncha ya plaizi chini ya fundo la kwanza, pale waya ulipozama kwenye gome, na mkono ukaanza kutetemeka. Nikautoa. Nikaurudisha. Nimewahi kutembea juu ya boriti ghorofa ya tano bila kamba na sikutetemeka hivyo. Ta! Kipande kikaruka. Nikasubiri. Ta! Chini yake kulikuwa na mfereji, gome limekatwa duara zima. Hapo niliona kwa macho yangu nilichofanya. Maji yangepitaje pale? Nililikaba hadi likafa, halafu nikalitikisa nione kama limekaza.

Zilipobaki siku tatu tawi lilikuwa kahawia tupu, linapukutisha. Sehemu nyingine yote ya mti ilikuwa kijani, na kijani hicho mimi sikukiamini. Kijiti kilikuwa kimeanza kutoka kikavu, nilikuwa nimeutilia maji mara mbili tu, na kwenye ncha ya juu kabisa kulikuwa na kitu kipya, cha rangi nyepesi, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Au nilitaka tu kukiona. Macho yangu hayako kama zamani.

Lakini tawi lile kahawia lingepiga kelele mtu akiwa bado mlangoni. Kulikata niliogopa, maana Mwenyekiti alilitaja kwa Madamu. Kuliacha niliogopa zaidi. Basi nikafanya alivyosema Mama Miche. Nikalibana kwa plaizi taratibu, gome likapasuka, nikalivuta likatoka kama soksi. Nikamalizia kwa kisu cha jikoni cha mke wangu. Likabaki jeupe, limechongoka, kama kidole cha mtu kinachoonyesha chini. Nilipomaliza nikaliogopa.

Madamu alirudi siku ya Jumanne, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, sanduku bado liko kwenye gari. Nilikuwa nimeupandisha mti ofisini dakika hiyohiyo. Aliuona akiwa amevua koti mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki ndani ya koti.

"Umefanya nini?"

"Madamu, tawi lile..."

"Umeniua." Hakupaza sauti. Akakaa kwenye kiti cha wageni, si kwenye chake. Midomo yake ilikuwa mikavu na vidole vinachezea kifungo kimoja, kukifunga na kukifungua. Miaka yote nilikuwa namwona Madamu kama mtu ambaye woga haujui alipo. Kumbe unajua hadi ofisi yake. Nitasema kweli, sikumhurumia. Niliogopa tu maradufu, kwa sababu aliyeahidi kunisemea alikuwa hana hata mate ya kusema.

Mwenyekiti aliingia bila kubisha. Mzee mdogo, mfupi, viatu vinang'aa, nywele nyeupe zimenyolewa fupi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda kwenye mti kama daktari anavyokwenda kitandani, akainama, akautazama bila kuugusa kwa muda ambao mimi nilisikia saa ya ukutani, na friji, na pumzi ya Redio nyuma ya mlango.

"Nani amefanya hivi?"

"Huyu mzee," Madamu akasema, haraka, kabla swali halijafika chini. "Mtunza jengo. Sikumruhusu, Mwenyekiti. Nilimwambia autilie maji tu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni wewe?"

Nilitaka kukana. 

"Ni mimi. Tawi nililiua mimi. Nilipewa waya laini, nikauona wa mchezo, nikafunga kwa wa nondo. Nililisikia linalia, nikaendelea. Lilipokufa nikalivua gome, kwa sababu niliogopa ulione limekauka." Na ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu mwaka jana, kikaamua kutoka siku hiyo. "Lakini kuwekwa ndani sikuanza mimi. Niliukuta hapo dirishani, kwenye kioo kisichofunguka. Na waya ni yeye aliyeniambia nifunge. Mkubwa akiharibu, mdogo ndiye anayeweka sahihi. Mimi sitaweka tena."

Nilisikia Redio nje akisema "Mama yangu!" taratibu.

Mwenyekiti akamwangalia Madamu. "Ulikaa dirishani muda gani?"

"Kama... miezi mitatu, Mwenyekiti."

"Miezi mitatu." Akatoa kikalamu cha chuma mfukoni, akakwaruza shina pembeni ya kisugudi. Sikufumba macho. Kijani. Chenye maji, kinene kuliko kile cha Mama Miche. Kisha akaigusa ile ncha ya juu, nyepesi, kwa upande wa kidole. "Unachipua," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Ulikuwa unakufa kabla hujasafiri, Mkurugenzi. Huyu kaua tawi, lakini mti kaurudisha."

 Kifungo cha Madamu kilikatika, kikaanguka kwenye zulia.

"Mbona unatetemeka, mzee?" Mwenyekiti akaniuliza. "Nimeshasema uko hai."

"Chumba, Mwenyekiti."

"Chumba gani?"

Nikamwambia. Jina la marehemu, orodha, ahadi, na siku nilizokesha nje na mti. Madamu akasema ni kweli kuna suala kama hilo, lipo kwenye mchakato. Mwenyekiti akapunga mkono. "Akae. Mtu anayeweza kulala nje na mti sitamfukuza."

Akawa anageuka kuondoka. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema asante na kushuka ngazi, kila mtu chumbani alijua. 

"Naomba iandikwe," nikasema.

"Nini?"

"Kwamba nikae. Iandikwe. Neno la mdomoni wewe ukishuka ngazi linabaki na nani?"

Madamu alifumba macho. Nadhani alidhani nimejimaliza, hata mimi nilidhani. Sikuweza kujua kama Mwenyekiti amekasirika, maana uso wake haukuwa na alama yoyote. Kisha akamwita Redio, akamsomea maneno kwa sauti ya chini wakiwa wameinama kwenye kompyuta, karatasi ikatoka, akaweka sahihi, akampa Madamu naye akaweka. Sahihi ya Madamu ilitoka imepinda.

Nikamfuata Mwenyekiti hadi kichwa cha ngazi. "Mwenyekiti, samahani. Mti kama huu huishi miaka mingapi?"

"Ukilelewa? Utatuzika sote."

"Na usipolelewa?"

"Kwenye chungu?" Akashika ukingo wa ngazi, akaanza kushuka. "Mwezi haufiki."

Nikarudi, nikaubeba mti, nikashuka nao, nikauweka nje juu ya pipa la rangi, hewani. Ndipo nikapanda tena kuchukua karatasi yangu. Nilisimama nayo kwenye korido, nikaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, siharakishwi na mtu. Mtunza jengo... ataendelea kukaa... katika chumba anachokaa sasa... Hapo nilivuta pumzi ambayo nadhani sikuwahi kuivuta tangu mazishi. Bado kulikuwa na mstari mmoja. Macho yaligoma, na Redio, ambaye shingo yake hufika popote, akanisomea begani.

"...kwa muda wote ambao mti huu utakuwa hai mikononi mwake." Akanipiga mgongoni. "Hongera, Mzee Nondo! Sasa ndoa imefungwa rasmi, tena na mashahidi."

Nilisoma tena mwenyewe. Ndivyo ilivyoandikwa. Sahihi mbili, muhuri mmoja.

Mwisho wa korido dirisha likajipiga, paa! Nikageuka. Nje miti ya barabarani ilikuwa imelala upande mmoja, mifuko inaruka, na ule mti wangu nilikuwa nimeuacha juu ya pipa tupu, hauna kiegemeo, hauna mtu wa kuuzibia. Redio akaniuliza nakwenda wapi. Nilikuwa tayari kwenye ngazi, naruka mbili mbili na goti langu hili, karatasi imekunjamana mkononi.